Ladha ya Chuma

Jumapili ile Rachida alipofika nyumbani kwa baba yake, mtaa wa Kabondo mjini Kisangani, alikuta sahani ya lituma imebwagwa uani. Ndizi zilizopondwa zilikuwa zimetapakaa kwenye udongo na kuku wawili walikuwa wanazidonoa. Safi, mke wa baba yake, alikuwa ameinama akiokota vipande vya sahani. Baba yake, Hamadi, alisimama mlangoni ameshika miimo yake kwa mikono yote miwili, kama mtu aliye ndani ya mashua inayoyumba.

"Iko na chuma ndani," alikuwa anasema. "Kila siku chuma! Asubuhi chuma, saa sita chuma! Ule mwanamuke anafikiri miye mutoto?"

"Papa, salaam aleikum," Rachida alisema.

Hamadi alimtazama binti yake muda mrefu, kana kwamba anatafuta jina lake, kisha akageuka akaingia ndani. Mlango wa chumba cha kazi ulisikika ukifungwa kwa komeo.

Safi hakulia. Alibeba vipande vya sahani hadi jalalani, akanawa mikono. Rachida aliingia jikoni, akachota lituma kidogo sufuriani kwa ncha ya kijiko na kuionja. Ndizi, mawese, karanga, chumvi. Hakuonja chuma chochote. Akasimama pale akiwa na kijiko mkononi, na wazo likamjia ambalo hakulipenda: kama sumu ipo, basi haimo sufuriani. Imo katika sahani ya papa peke yake.

Hamadi alikuwa sonara. Kwa miaka thelathini alifua hereni za nyuzi za dhahabu nyembamba kama unywele, na wake wa wafanyabiashara wa Kisangani walikuwa wakisema kazi ya Hamadi haihitaji mhuri, unaijua kwa macho. Mama yake Rachida alifariki miaka sita iliyopita. Baada ya miaka mitatu Hamadi alimwoa Safi, mwanamke wa Basoko mwenye miaka thelathini na minne, aliyekuja mjini kuuza samaki wa kukaushwa. Rachida, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa na akifundisha biolojia katika shule moja ya wasichana huko Mangobo, alimwita mama Safi kwa heshima. Walisalimiana, walisaidiana siku za sikukuu, na kwa kweli hawakujuana.

Ugonjwa ulianza mikononi. Tangu Ramadhani iliyopita vidole vya Hamadi vilitetemeka, kwanza asubuhi tu, halafu siku nzima, hata akashindwa kupitisha uzi wa dhahabu kwenye tundu. Fizi zake zikawa za zambarau na kutoka damu. Miguu ilivimba. Mkojo, alimwambia mdogo wake kwa aibu, ulitoa povu kama sabuni. Tena tabia ikageuka. Mtu aliyekuwa akicheka na wateja mlangoni sasa aliwaonea haya, akajificha wakibisha hodi, akamkasirikia mtu kwa neno moja.

Mdogo wake huyo aliitwa Nassoro, muuza vitenge mwenye sauti kubwa na moyo wa huruma, lakini ulimi wake haukujua kungoja. Yeye ndiye aliyemvuta Rachida pembeni Jumapili ileile.

"Mi nasema wazi," alimwambia. "Kila asubuhi anamupatia kikombe. Majani ya kwao, anasema. Ya Basoko. Umeisha ona ile majani?"

"Hapana, tonton," Rachida alimjibu baba yake mdogo.

"Bon. Na mi pia hapana. Kaka yangu alikuwa nguvu kama mukuki. Ameoa, na baada ya miaka mitatu anatembea kama muzee wa miaka makumi tisa. Donc? Tufikiri nini?"

Rachida alitaka kusema kwamba kufikiri siyo ushahidi. Hilo ndilo alilowafundisha wanafunzi wake kila mwaka. Lakini Jumatano iliyofuata alipita Kabondo kabla ya kwenda shuleni, akangoja Safi atoke kwenda kisimani, akamimina mabaki ya kikombe katika kichupa cha dawa ya macho alichokisafisha mwenyewe. Alipokuwa anatoka, alikutana na Safi getini akiwa na ndoo kichwani.

"Umeamuka mapema, Rachida. Umekula?"

"Nimekula, mama. Nachelewa."

Alipanda toleka, na njia nzima, nyuma ya mgongo wa mwendesha baiskeli, alishika mfuko wake kwa mikono miwili kama mwizi.

Daktari Aurélie alikuwa na maabara ndogo upande wa Makiso, vyumba viwili na jenereta. Alisoma pamoja na Rachida miaka ya kwanza ya chuo kikuu kabla hawajaachana njia. Alikiinua kichupa kwenye mwanga, akakinusa, akakirudisha mezani.

"Unataka nitafute nini humu?"

"Sumu."

"Sumu gani? Maabara haijui kutafuta 'sumu', Rachida. Inatafuta kitu chenye jina. Niletee mkojo wa papa, wa asubuhi, ungali na joto."

Kesho yake Rachida aliuleta. Aurélie aliuzungusha katika mashine, akaweka tone la machicha yake kwenye kioo, akainama juu ya hadubini. Rachida alisoma kalenda yote iliyokuwa ukutani. Kisha Aurélie akasogea kando.

"Angalia mwenyewe. Wewe ni mwalimu."

Rachida aliona duara za kijivu, nyingine zimeshikamana kama tofali zilizoangushwa na mvua, nyingine zimebaki maganda matupu.

"Hizi ni seli za mirija ya figo," Aurélie alisema. "Zimekufa, zimebanduka, zimeshuka na mkojo. Bon. Unajua seli zinakufa kila siku, hata kwako na kwangu. Kuna ile inayokufa kwa sababu muda wake umetimia. Inajikunja yenyewe, inajikatakata vipande vidogo, majirani wanavila, mambo yanaisha bila kelele. Bila kifo cha namna ile, vidole vyetu vingezaliwa vimeungana kama mguu wa bata. Lakini hizi hazikufa hivyo. Hizi zilivimba, zikapasuka, na uchafu wake ukawamwagikia majirani, na majirani nao wakaanza kuugua. Hiki siyo kifo cha uzee. Hizi zimeuawa."

"Na nani?" Rachida aliuliza haraka.

"Sikusema nani. Tuulize na nini. Kukosa damu kunaua. Vidudu vinaua. Dawa ikizidi inaua. Sumu inaua. Na mwisho wake unafanana: seli inakosa nguvu ya kusukuma maji nje, maji yanaingia, inapasuka. Mimi kwa hadubini hii naona maiti. Muuaji simwoni."

Lakini katika maneno yote yale Rachida aliondoka na moja tu: zimeuawa. Jioni alimwambia tonton Nassoro, naye kabla ya Ijumaa alikuwa amewaambia ndugu wote.

Walikutana kwa Nassoro baada ya sala ya Ijumaa, watu wanane sebuleni. Hamadi alikaa kwenye kiti cha mkono, macho yake yakiruka kutoka uso mmoja hadi mwingine. Safi aliwekwa kwenye kiti karibu na mlango. Mtu alimpa kikombe cha chai, na kila mmoja akaona jinsi kilivyogonga kisahani: ka-ka-ka-ka, bila kutulia.

"Angalieni mukono," Nassoro alisema. "Mutu asiye na kosa anatetemeka juu ya nini?"

"Mukono yangu inatetemeka tangu Ramazani," Safi alijibu. "Hakuna mutu alishauliza."

"Na ile majani?"

"Ni ya kuteremusha uvimbe wa miguu. Mama yangu anakunywa, miye nakunywa. Nitaleta muone."

"Hatutaki kuona majani! Rachida alishaona kwa ile masini ya daktari. Seli za kaka yangu zimeuawa. Ni mwalimu anasema, siyo mimi. Rachida, ni uongo?"

Watu wote walimgeukia. Rachida alijua kwamba neno lake lilikuwa limekatwa kipande na kutumiwa kama kisu. Angeweza kusema: daktari hakumtaja mtu. Ilikuwa sentensi fupi. Lakini alikumbuka lituma ya sufuriani isiyokuwa na ladha ya chuma, akamtazama baba yake aliyekonda vile, na sentensi haikutoka.

"Siyo uongo," alisema.

Hamadi hakutamka talaka. Alisema tu, kwa sauti ndogo isiyokuwa yake, "Aende kwao." Jumatatu Safi alipanda mashua ya kuteremka mto akiwa na mabegi mawili. Hakuna aliyemsindikiza bandarini.

Wiki ya kwanza nyumba ilipumua. Chakula cha Hamadi kilitoka sasa kwa mke wa Nassoro, kwenye bakuli lililofunikwa kwa kitambaa. Siku ya tisa Hamadi alilisukuma bakuli mbali. Lilikuwa na chuma. Wiki ya tatu jino lake moja lilitoka lenyewe alipokuwa anatafuna mkate, na sasa alisema Nassoro anataka kiwanja chake. Na siku Rachida alipomletea machungwa, aliyageuza moja baada ya jingine akitafuta tundu la sindano.

"Papa, ni mimi."

"Najua ni wewe. Ule muke naye nilimujua."

Rachida alirudi Makiso akiwa amevunjika moyo. Mkojo mpya ulikuwa na maiti nyingi kuliko wa kwanza.

"Donc aliyefukuzwa ameondoka, na mauaji yanaendelea," Aurélie alisema. "Hiyo inakuambia nini, mwalimu?"

Rachida alikuwa anasikia tena kikombe cha Safi kikigonga kisahani. Tangu Ramazani, Safi alisema. Baba yake pia tangu Ramadhani.

"Naye alitetemeka," alisema polepole. "Mama Safi. Mbele yetu sote. Tulidhani ni hatia."

Aurélie aliweka kalamu chini. "Watu wawili wanaugua kitu kimoja, mwezi mmoja. Mmoja ameondoka nyumbani, mwingine amebaki na anazidi. Acha sahani sasa. Niambie walikuwa wanapumua nini. Papa anafanyia kazi wapi?"

Zamani Hamadi alifanyia kazi kibandani, barazani, mbele ya watu. Lakini mwaka jana wachimbaji wa kutoka njia ya Bafwasende walianza kumletea dhahabu isafishwe. Aliogopa macho ya majirani. Akahamishia kila kitu katika chumba cha ndani, kinachopakana na chumba cha kulala upande mmoja na jiko upande wa pili. Rachida alilijua hilo. Alikuwa amelijua muda wote, kama mtu anavyojua rangi ya ukuta.

Alikwenda Kabondo moja kwa moja, akabisha kwenye mlango wenye komeo.

"Toka huko," sauti ilisema.

"Sitoki, papa. Kama unafikiri mimi pia nakuua, fungua uniambie usoni."

Alisimama pale, jua likahama kutoka kizingitini hadi ukutani. Hatimaye komeo lilisogea.

Chumba kilikuwa cha joto na giza. Dirisha moja lilipigiliwa mbao, na kila ufa wa mbao ulizibwa kwa vitambaa. Hata nafasi ya upande wa nje iliyokuwa chini ya paa ilizibwa. Juu ya meza palikuwa na jiko la gesi, kikaango kidogo cha chuma, na chupa ndogo ya plastiki iliyokuwa nzito ajabu alipoiinua. Rachida aliwasha taa ya simu yake akaielekeza sakafuni. Katika ufa wa saruji, tone la fedha lilimetameta. Kisha jingine. Alipogusa mguu wa meza, matone yalikimbia na kuungana.

"Hii ni nini, papa?"

"Zebaki. Dawa ya kukusanya dhahabu. Wachimbaji wanaichanganya na muchanga, inakamata dhahabu, inakuwa bonge moja. Miye naichoma tu. Zebaki inapanda, dhahabu inabaki safi."

"Inapanda inaenda wapi?"

"Inaisha. Haina moshi, haina harufu."

"Papa, kwenda nje hapana hata tundu la kupitisha sisimizi. Inapanda inaenda wapi?"

Hamadi alifungua kinywa kujibu. Akatazama dirisha alilolipigilia kwa mikono yake, akatazama kuta za jikoni na chumba cha kulala ambazo hazikufika darini, kisha akaifunika ile chupa kwa kitambaa.

Asisadikiwe mtu anayesema alikubali siku ile. Siku mbili alidai Rachida ametumwa kumharibia kazi. Nassoro ndiye aliyemtoa, karibu kwa kumbeba, akamlaza kwake katika chumba chenye madirisha mawili. Aurélie alituma mkojo Kinshasa, na kutoka huko ukapelekwa mbali zaidi. Majibu yalichukua wiki tano, nayo yalikuwa na jina: zebaki, mara nyingi kupita kiasi ambacho mwili unavumilia.

Aurélie aliwaita wote watatu, Hamadi, Nassoro na Rachida, akawaeleza. Mvuke unaingia kwa pumzi, unakwenda na damu, na ukifika ndani ya seli unashikana na vile vijisehemu vinavyoipa nguvu. Seli inabaki kama nyumba iliyozimiwa moto jikoni. Figo zinaumia kwa sababu zinajaribu kuusafisha.

"Na ile ladha ya chuma?" Nassoro aliuliza.

"Ilikuwa mdomoni mwake. Haikuwa katika chakula cha mtu yeyote."

"Na... ile tabia? Kuogopa watu?"

Daktari alimtazama Hamadi kabla ya kujibu. "Zebaki inafika ubongoni pia. Inamfanya mtu awe na hasira, aibu, wasiwasi. Siwezi kukuambia kiasi gani kilikuwa zebaki na kiasi gani kilikuwa papa mwenyewe."

Hamadi aliinamisha kichwa. "Dirisha nililifunga kabla ya kuumwa," alisema.

"Figo zitajaribu kujitengeneza," Aurélie aliendelea. "Seli zake zinajua kuzaliwa upya, kama muuaji ameondolewa. Zile za neva, zikishakufa, hazina warithi. Mkono unaweza kutulia. Kurudi kama zamani, siahidi."

Likizo ilipofika, Rachida alichukua mashua ya kwenda Basoko. Walipita Yangambi mvua ikinyesha, na njia nzima alitunga maneno kisha akayatupa. Alimkuta Safi pembeni ya mto, amekaa kwenye mkeka pamoja na mama yake, anapasua samaki kwa kisu chembamba. Kitu cha kwanza Rachida alichokitazama kilikuwa mkono ule. Kisu kilipita tumboni mwa samaki kwa mstari mmoja ulionyooka.

"Umepona," alisema, na hakusalimu.

"Mwezi wa pili hapa, ikaacha yenyewe. Mama alisema ni hewa ya kwetu." Safi hakuinua macho. "Papa yako amekufa?"

"Hapana."

Rachida alikaa chini kwenye mchanga, nje ya mkeka, akamweleza yote: chumba, matone, majibu. Safi alisikiliza na kuendelea kupasua. Ndoo ilipojaa aliosha kisu.

"Nilikuwa nalala karibu na ule ukuta wa chumba chake," alisema. "Nilimuomba mara tatu afungue dirisha. Alisema nataka watu waone dhahabu yake." Kisha akamtazama Rachida usoni. "Wengine sawa. Walikuwa wanaogopa. Wewe umesoma. Ulisadiki?"

Rachida alikuwa na majibu mengi. Daktari hakueleweka vizuri, tonton alimsukuma, alikuwa na hofu.

"Nilisadiki," alisema. "Niliiba kikombe chako nikakipeleka maabara. Na siku ile kwa tonton nilijua neno la kukutetea, sikulisema."

Mama yake Safi alitema mate mtoni.

"Siwezi kurudi kwa kutumiwa mutoto," Safi alisema. "Kama ananitaka, aje yeye. Na aseme mbele ya wale wote."

Hamadi alikwenda. Ilimchukua mwezi mwingine kupata nguvu ya kukaa mashuani siku mbili, na Nassoro alimshika mkono kupanda na kushuka. Alichomwambia mkewe kule Basoko wawili hao hawakumwambia mtu. Lakini waliporudi, watu wanane waliitwa tena, na Hamadi alisimama na kusema kwamba mkewe hakumtendea ubaya, kwamba yeye ndiye aliyeweka sumu ndani ya nyumba na nusura amuue. Nassoro aliomba radhi akilia kwa sauti, kama anavyofanya kila kitu. Rachida aliomba kwa sauti ndogo. Safi alipokea zote mbili kwa kichwa tu.

Chumba kile kilifungwa, sakafu ikachimbwa, udongo ukapelekwa mahali daktari alipoelekeza. Uvimbe wa Hamadi ulipungua, mkojo ukawa mkojo. Nyuzi za dhahabu hakuzishika tena. Siku hizi hutengeneza pete nene na kurefusha mikufu iliyokatika, kibandani, mbele ya watu.

Lakini Rachida anapokuja kula nao siku za Jumapili, kuna jambo ambalo bado linamchoma. Safi akishaweka chakula mezani, kabla mtu hajanawa, huchukua tonge la kwanza kutoka sahani ya mumewe, hulitafuna taratibu, hulimeza, ndipo anamsogezea sahani. Hakuna aliyemwomba. Mara ya kwanza Hamadi alisema, "Safi, acha, tafazali. Hakuna mutu anakuogopa tena."

"Najua," Safi alijibu, na Jumapili iliyofuata akafanya vilevile.